Swali Namba Kumi na Tano

Mwanangu, ipo siku moja ya Desemba, enzi za ujana wangu, ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Juzi uliponitumia ujumbe wa neno moja, "Tuendelee?", nilikaa barazani hapa mtaani kwetu Soweto na simu mkononi, sijui unauliza nini, na siku ile ikanirudia yote.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikafundishwa kuandika programu za kompyuta kubwa ya kiwanda kimoja cha sukari, huko chini tambarare. Tuliandika kwa asembla, lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe. Hata kutuma mstari mmoja kwenye skrini ya mwendeshaji wa mashine ilikuwa kibarua. Programu ikitaka ruhusa, ilituma swali pale, mashine ikaliwekea namba, kisha programu ikasimama kungoja jibu. Mimi nilijivunia maswali mafupi. Maneno mengi niliyaona ushamba.

Mwendeshaji alikuwa Dada Aikande, wa Kibosho. Siku inayofuata Krismasi, familia ya mchumba wake ilitarajiwa kwao kuleta posa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilishaanza kuandaliwa. Chumba kizima tulijua, alitualika wote.

Siku ile ninayokusimulia, Krismasi ikiwa bado, nilituma programu mbili kwa pamoja: moja ya kuchapa orodha ya likizo za Krismasi za wafanyakazi wote, nyingine ya kuifuta orodha ikishachapwa. Nikaenda zangu kantini. Nikiwa na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, simu ya ukutani ikalia; alikuwa Aikande.

"We Mangi, mashine yako imeniuliza mara mbili. Kumi na nne: Endelea? Kumi na tano: Endelea? Niendelee na nini?"

"Jibu ndiyo, dada. Au harusi imeshakuchanganya?"

"Zote mbili?"

"Zote! Mtori unapoa huku."

Ilikuwa mwendo wa dakika moja tu kurudi. Sikurudi. Yeye akaanza na kumi na tano, swali la ile programu ya kufuta. Orodha ikafutika, na printa ikatoa karatasi tupu.

Baadaye, nikiwa nimesharudi chumbani, mkuu wetu akaingia na karatasi ya kumbukumbu ya mashine. "Nani amejibu kumi na tano?"

"Mimi, mkuu," Aikande akasema.

"Basi huendi likizo mpaka fomu zote za likizo ziingizwe upya kwenye mashine."

Karatasi ile ilionyesha jibu lake. Haikuonyesha nani aliandika swali. Aikande akanitazama, akingoja. Nami nikatazama viatu vyangu. Kwa nini? Sikuogopa kufukuzwa, nadhani. Au labda niliogopa. Nimelizungusha jambo hili miaka yote na bado halikai sawa kichwani.

Krismasi ikapita akiingiza fomu. Kibosho wageni walifika, binti hayupo. Wazee wakaona wamedharauliwa, wakaondoka, mbege ikachachuka kwenye mapipa. Posa ile haikurudi tena.

Nilipomfuata kumpa pole, hakunifokea. "Mimi nilijibu, Mangi," alisema. "Aliyeuliza alikuwa wapi?"

Sasa anaishi Njoro, ana wajukuu kwa mume mwingine, na tukikutana kanisani ananisalimu vizuri tu. Hata sijui kama nilimpotezea mume au nilimwepusha naye. Nilimwomba radhi, lakini nilichelewa mno: mkuu alishastaafu, na wenzetu wa kazini waliomcheka Aikande kwa kosa lile walishatawanyika. Hakubaki wa kuambiwa kwamba swali lilikuwa langu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimuuliza mtu, mwambie unauliza kuhusu nini, na akikubali kitatokea nini. Akikuuliza maana yake, acha chakula, inuka umfuate. Na jibu lake likileta madhara, sema mbele ya wote kwamba swali lilikuwa lako, siku hiyohiyo, wakati wanaomlaumu bado wamesimama hapo.

Mungu akupe moyo wa kuinua macho pale mimi nilipoyainamisha, na akuzungushie watu wasioona aibu kukuuliza mara ya pili.

Ujumbe wako bado sijaujibu. Niandikie tena: tuendelee na nini?