RAM mpya inasoma 1200 badala ya 2400: nilidhani mshikaji kanipiga

Wakuu, poleni na majukumu. Huku Sumbawanga ni upepo na makoti tu.

Hiki ni kisa changu mwenyewe. Sijaongeza chumvi, maana aibu iliyomo inatosha.

Mimi ni mpiga video, nina kaofisi Milanzi. Harusi, kipaimara, misiba, nachukua zote.

Juzi kati nilirekodi jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya Mzee Kapele na mkewe, wakulima wa kule Mwimbi. Binti yao ni mtawa, Sista Yusta, na alikuwa anahamishiwa nchi nyingine. Akanibana kwelikweli:

"Kaka, Jumamosi naondoka. Ijumaa jioni nataka tuiangalie na wazazi. Baba umri umeenda, sijui kama nitamkuta."

Ukiambiwa hivyo unakataaje?

Shida ni laptop. Ilikuwa na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, na kila niki-export ile video, yaani kuitoa iwe faili moja kamili, ikifika katikati inaganda.

Nikaenda kwa Sichalwe, mshikaji wangu mwenye duka la vifaa vya kompyuta mjini. Akanichomekea GB 8 nyingine kwenye slot iliyokuwa wazi. Nikarudi ofisini naimba.

Sasa kiherehere changu. Kabla hata ya kuanza kazi, nikapakua programu ya kukagua kompyuta. Nasoma speed ya memory: 1200 MHz.

RAM mpya imeandikwa 2400. Ile ya zamani imeandikwa 3200. Hii 1200 imetoka wapi?

Nikajua nimepigwa. Nikaichomoa mpya kwa hasira, nikajaribu ku-export na ya zamani peke yake.

Ikaganda. Nikarudia, ikaganda tena. Sista anapiga simu, najibu "inakaribia" huku jasho linanitoka na baridi yote hii.

Ijumaa asubuhi nikabeba laptop na ile RAM yake, nikamvaa Sichalwe mbele ya wateja wake.

"Umeniuzia feki! Inasoma nusu!"

Akacheka mpaka mama mmoja aliyefuata chaja naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

"Hiyo 1200 ni mapigo ya RAM," akasema. "Kwa kila pigo inapitisha data mara mbili, likipanda na likishuka. Zidisha kwa mbili, unapata ngapi?"

Nikazidisha: 2400.

"Haya, na ile yangu ya 3200, mbona nayo imeshuka?"

"Inamfuata mwenzake. Mkibeba kabati wawili na mmoja anachechemea, wewe utakimbia? Nilikwambia niliyonayo ni ya 2400, ukasema weka tu."

Kweli aliniambia. Mimi nilisikia "GB 8" tu, mengine yakapita.

Nikajitetea: "Si bora basi nibaki na ya 3200 peke yake?"

"Kinachokugandisha siyo speed, ni nafasi. Video inajaza GB 8 zote, laptop inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni kobe mbele ya RAM yoyote. GB 16 za 2400 zitakuvusha."

Akairudisha palepale kaunta, nikaanza ku-export nimekodoa macho. Ilipopita pale katikati bila kuganda nilipiga kelele ya goli.

Nikamwomba radhi mbele ya wateja walewale. Yule mama wa chaja akanipa pole.

Nikawasha pikipiki mpaka Mwimbi. Nikawapa wazee shikamoo, nikachomeka flash kwenye TV, familia nzima ikajaa sebuleni.

Mzee Kapele alitazama kidogo, akauliza: "Huyu mzee anayecheza vibaya hivi ni nani?"

Mkewe hakugeuka hata: "Ndiye niliyemvumilia miaka hamsini."

Sista Yusta alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Halafu akasogea akaketi sakafuni katikati ya wazazi wake, akaomba nirudishe mwanzo.

Nilichojifunza wakuu: ukiona speed ni nusu ya iliyoandikwa, zidisha mbili kwanza kabla ya kumtukana mtu. Ukichanganya RAM, zote zitakwenda mwendo wa ile ya chini. Na kama laptop inaganda kwa kujaa, GB ndizo za kukimbilia, speed itafuata baadaye.

Wataalamu wa hardware, kama kuna mahali nimechapia nirekebisheni. Na wewe uliyewahi kumvamia fundi wako bure, shusha kisa chako hapa chini, nisibaki nachekwa peke yangu.