Suti yangu ya kupigia mbizi inavuja, kumbe mharibifu ni mimi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya sikuhadithiwa, yamenipata mwenyewe, na nikitia chumvi nifungieni akaunti. Nina furaha hata kukaa siwezi!

Mimi ni mpiga mbizi, natoka Mtongwe. Kazi yetu ni kusugua matumbo ya meli na kukagua mabomba bandarini, upande wa Kipevu.

Najua mtauliza, Mombasa na joto hili, drysuit, hii suti ya kuzuia maji na baridi, ya nini? Maji ya bandarini si ya ufuo wa Bamburi, jamani. Kuna mafuta, kuna taka, kuna vitu sitavitaja mkiwa mnakula. Suti hii hufunika mwili mzima, na shingoni na mikononi ina mipira laini inayobana ngozi ili tone lisipite.

Yangu ilikuwa inapitisha.

Kila nikitoka, fulana ya ndani imelowa chapachapa, na ngozi inaniwasha wiki nzima. Nikabadilisha mipira. Wiki chache, ikalegea. Nikabadilisha tena, yale yale. Nikamtangaza aliyeniuzia mipira hiyo kuwa ni tapeli, Likoni nzima ikajua.

Msimamizi wetu, mtu asiye na maneno mengi, akaniita kando. Akaniambia Alhamisi nizame, na nikitoka nimelowa, basi kuanzia hapo nitabaki juu kuwashikia wenzangu kamba. Wakuu, miaka tisa nazama. Niliumia sana.

Nikaibeba suti kwa Mutua, fundi wa pancha jirani yetu. Ni mtu wa bara, bahari huitazama kwa mbali. Tukaziba mikono kwa chupa, shingo kwa mpira wa watoto, akaijaza upepo na kuipaka maji ya sabuni. Povu likatoka shingoni na mikononi tu. Kwingine kote salama!

Nikamwambia atie viraka. Akaushika ule mpira wa shingoni mwa suti, ukamnata vidoleni. Akaunusa.

"Nani hupaka hii mpira mafuta ya nazi?"

Nikamjibu kwa fahari kuwa ni mimi. Kwetu mtu hatoki nyumbani bila kujipaka, na mama hukuna nazi na kuyapika mwenyewe. Kila asubuhi nikishajipaka, naipaka na mipira, mkono upite kwa urahisi.

"Basi wewe ndio unaiua. Mpira ikikunywa mafuta inaoza. Hata kiraka haiwezi shika."

Nilitamani kucheka na kulia pamoja.

Nikatia mipira mipya. Alhamisi nikajisugua shingo na mikono kwa sabuni, nikatumia poda tu. Dakika arobaini chini ya meli, gizani, nangoja ule ubaridi wa maji kuteremka mgongoni. Haukuja!

Nilipopanda, msimamizi akanifungua zipu, akaingiza mkono mpaka kwapani, kisha akautazama.

"Mkavu," akasema. "Kesho uje mapema."

Wallahi nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Njiani nikapitia kwa yule niliyemwita tapeli, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuzama.

Funzo nililopata ni kwamba kitu kikikuharibikia mara ya tatu, anza kuutazama mkono wako mwenyewe. Mama analalamika natoka nyumbani nimepauka, watu watadhani sina kwetu. Nimemwambia acha wadhani.

Haya, semeni ukweli nanyi. Nani mwingine humu ameua kitu chake kwa kukitunza?