Kiti cha Elinazi

Usiku ule kitanda changu kilikuwa na miiba. Godoro lenyewe zuri tu, nilishona kwa mikono yangu, lakini niligeuka na kugeuka mpaka shuka ikajisokota kama kamba ya kufungia fahali. Mama Joyce, mke wangu, akasema gizani, "Kama unageuza chapati, nenda jikoni." Nikacheka, nikatulia kidogo, nikaanza tena.

Cha ajabu ni kwamba kilichonikosesha usingizi kilikuwa kimekwisha. Gari la Elinazi lilikuwa tayari. Jioni ile nilikaza nati ya mwisho ya kiti cha dereva, nikaipangusa dashibodi ikang'aa kiasi cha inzi kuteleza na kuvunjika nyonga, nikafunga karakana. Mtu aliyemaliza kazi hulala kama gogo. Mimi nilikuwa kama aliyetoka nyumbani akaacha sufuria motoni, asijue sufuria gani.

Elinazi tulikutana shule ya usiku, tukiwa watu wazima wenye ndevu, tumebanana kwenye dawati la watoto, magoti yamefika masikioni. Yeye Mpare, mimi Mchaga, kwa hiyo tulikuwa watani kabla ya kujuana majina. Nilimwambia Wapare huuza ng'ombe ili wapate kumshtaki mwizi wa kuku. Akanijibu kwamba Mchaga akizimia haitwi daktari, hudondoshewa sarafu sikioni. Urafiki ukaanzia hapo, ukadumu mpaka moyo wake uliposimama asubuhi moja akiwa anapiga mswaki.

Aliacha mke, binti mmoja aitwaye Neema, na kigari cha spoti cha zamani, chekundu, cha milango miwili, kifupi hivi kwamba ukikikalia unaona matumbo ya mbuzi barabarani. Injini yake aliifufua mwenyewe, miaka mingi, kidogo kidogo. Ndani kulikuwa uchi. Panya walishakula viti, dari na zulia, nadhani na redio. Elinazi alikuwa akiendesha amekalia kreti la soda, na kila mwaka alimwahidi mama yake kule Usangi, milimani Upareni, kwamba safari hii nakuja nalo. Hakuwahi.

Siku ya maziko nilifanya kazi ya mtani. Niliingia kwenye gari, nikakalia lile kreti, nikakataa kushuka. Nikawaambia wenye msiba kwamba gari hili likiuzwa kama chuma chakavu, Mpare huyu atatufungulia kesi kutoka kaburini. Watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Neema akaja dirishani, macho mekundu, akasema, "Basi livishe nguo, baba mdogo. Ukimaliza, nitalipandisha mimi Usangi kwa bibi."

Nikalivisha. Hakuna hata kipande kimoja nilichonunua kikiwa tayari. Dashibodi niliichonga kwa mninga, kutoka kwenye mbao za kabati la zamani. Kirungu cha gia ni mpingo, nilikisugua mpaka nikaona uso wangu na dhambi zangu. Vishikio vya kushushia vioo nilivifua kutoka kwenye miiko ya bati ya Mama Neema. Milango kwa ndani niliifunika ngozi ya sanduku lililokwenda na Elinazi jeshini, na mpini wa sanduku lile ndio unaovuta mlango. Dari nikaiwamba kitenge.

Lakini kiti cha dereva ndicho kilikuwa fahari yangu. Nilikwenda nyumbani kwa marehemu. Kwenye sofa la sebuleni, nililolishona mimi mwenyewe, kuna bonde alilolichimba Elinazi kwa miaka ya kukaa palepale. Mama Neema halikalii, wala hageuzi mto. Nikaomba ruhusa, nikalipima lile bonde, upana wake na kina chake, nikakata sponji kulifuata. Kwa urefu wa miguu, Mama Neema alinitolea suruali ya Elinazi. Nikakiweka kiti nyuma, chini, kama Elinazi alivyopenda kukaa, mtu mrefu kama nguzo ya umeme. Reli za kusogezea zilikuwa zimeoza, nikaona ya nini reli. Nikakifunga moja kwa moja kwenye sakafu kwa bolti ambazo zingeshikilia daraja.

Neema alikuja akachungulia mlangoni. "Baba mdogo, nikae kidogo nijaribu?"

"Bibi harusi haonyeshwi kabla ya siku yake," nikamwambia, nikamfungia mlango kwa furaha. "Subiri Jumamosi, siku ya safari."

Usiku ule ndio ulikuwa wa kuamkia Jumamosi.

Sikumbuki nilipolala. Nakumbuka nipo karakana, na mlango niliofunga uko wazi. Taa haijawashwa lakini kila kitu kinaonekana, kama mchana wa mvua. Elinazi yumo ndani ya gari. Amevaa ile suti tuliyomzika nayo, na miguuni ana makubazi yake ya matairi. Sikushtuka. Nilijisikia kama mtu aliyefikiwa na mgeni chai haijachemshwa.

Anagusa vitu. Anapapasa mninga, anapapasa kitenge cha dari, anazungusha kishikio cha kioo, anakiangalia, anajua ni mwiko wa jikoni kwake. Anasema, "Mchaga, umetengeneza gari au sebule?"

Nataka kumjibu, nina majibu hamsini ya kumjibu Mpare, lakini ulimi umelala. Nikacheka tu, na kicheko chenyewe hakikutoa sauti.

Akakalia kiti cha dereva. Kiti kikampokea kama maji yanavyopokea jiwe, bila kelele. Mgongo ukaingia mahali pake, magoti yakaingia mahali pake. Nikasema moyoni, nimeweza. Lakini hakutulia. Akainuka, akakaa tena. Akainuka. Akalipapasa lile bonde kwa kiganja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye kapeti, na kila alipokaa alinitazama, na kila aliponitazama nilizidi kutaka kufanya kitu, kukaza kitu, kufuta kitu, na mikononi sikuwa na spana wala kitambaa.

"Kinanikaa vizuri mno," akasema. Hakusema kama mtu anayesifu.

Kisha tupo darasani. Lilelile la usiku, harufu ileile ya chaki na mafuta ya taa. Ila madawati ni viti vya magari, vimefungwa sakafuni kwa bolti, na sisi tumekaa, watu wazima wenye ndevu. Mwalimu wetu ametupa mgongo, anachora ubaoni mstari unaopanda na kukunjakunja, unapanda na kukunjakunja, chaki inalia. Bila kugeuka anauliza, "Nani anaendesha?"

Najua jibu. Nalijua kabisa, liko hapa kwenye ncha ya ulimi. Kando yangu Elinazi ananyanyua mkono. Mwalimu hageuki. Elinazi anautazama mkono wake mwenyewe, anaushusha polepole, anauweka juu ya paja. Chaki inaendelea kulia na mstari unatoka ubaoni, unashuka ukutani, unapita sakafuni, na sasa ni barabara.

Barabara ya Usangi. Ukungu, migomba, upande mmoja mlima na upande wa pili hakuna kitu. Mimi nimebanwa kiti cha nyuma, magoti masikioni, na gari linashuka. Tulipaswa kupanda, mbona linashuka? Upepo unapiga kitenge cha dari kama bendera. Nikaangalia mbele nione ni nani ameshika usukani.

Ni Neema. Neema wa darasa la kwanza, sketi ya bluu, soksi nyeupe. Amezama katika lile bonde kama kifaranga kwenye pakacha. Mikono imeshika usukani, vidole tu. Na miguu inaning'inia. Inaning'inia, inacheza hewani kama miguu ya mtoto kwenye benchi la kanisa, na breki iko mbali, mbali huko mbele, inang'aa, nami niliing'arisha mwenyewe.

Anageuza shingo, anatabasamu. "Nikae kidogo nijaribu?"

Kona inakuja. Nje, upande wa mlima, Elinazi anatembea na makubazi yake, mikono nyuma, kama mtu anayetoka ibadani. Gari linakimbia kama limeiba, naye anatembea, na bado yuko sambamba na dirisha. Namwita. Sasa ulimi umefunguka. "Elinazi, kanyaga breki. Elinazi, ndugu yangu, kanyaga."

Akainamia dirisha. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa ule uso wa shule, nilipokuwa nikipiga hesabu ndefu ya kurasa nzima nikaanza na namba isiyo yenyewe.

"Mimi siendeshi tena," akasema. "Mpime anayeendesha."

Nikanyoosha mguu. Nikaupitisha chini ya kiti, chini ya bolti zangu za daraja, nikaurefusha kupita uwezo wa mguu wa binadamu, nikagusa kitu, nikakikandamiza kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

"Huo ni mguu wangu," Mama Joyce akasema. "Breki zako zitafute kwingine."

Nilikuwa nimekaa kitandani, nimelowa jasho kama niliyeopolewa kisimani. Nje kulikuwa na weupe kidogo, na jogoo wa jirani, ambaye hajawahi kupatia saa tangu aanguliwe, alikuwa akiwika. Nikamsimulia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Neema ananifika hapa," akakigusa kidevu chake, na Mama Joyce mwenyewe ni mfupi, haoni juu ya jokofu. "Baba Joyce, hiyo suruali uliyopimia ni ya nani?"

Nilitafuta simu chini ya mto, chini ya kitanda, ndani ya kiatu, nikaikuta mkononi.

Neema alipokea kwa sauti ya usingizi na woga. "Shikamoo, baba mdogo. Kuna msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna msiba. Njoo karakana sasa hivi. Njoo na viatu utakavyoendeshea."

"Si ulisema sioni mpaka nikiondoka?"

"Nilisema mengi. Njoo nikupime. Kile kiti nakifungua."

Alijua vizuri bonde lile nililipima wapi, maana siku ile ndiye aliyenishikia upande wa pili wa utepe. Nilisikia akivuta pumzi, na nilipomsikia tena sauti yake ilikuwa ndogo, ya sketi ya bluu.

"Na hicho cha baba utakitupa?"

Nilikuwa nimeshavaa suruali, nimeshashika spana, naufungua mlango kwa kiwiko.

"Kinahamia kushoto," nikamwambia. "Abiria hana haja ya kufikia breki."