Adapta Yenye Mstari Mmoja

Mwanangu, nakumbuka juma moja la ujana wangu nililolala vibaya kwa ajili ya swali moja: je, fundi alichomoa spika ya kulia ya hedifoni yetu akatuwekea iliyokufa, au mimi ndiye nisiyejua kitu?

Nilikuwa nimerudi Songea na shahada yangu, nikakaa kwa mama, mtaani Ruhuwiko, kusubiri kazi. Zamani serikali ndiyo ilikuwa inakupangia kazi. Mwaka ule ilikuwa imeacha. Ndiyo miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa vitu, lakini hatukuviamini. Ulinunua betri mpya ikafa kesho yake. Ulinunua saa, usoni imeandikwa jina hili, mgongoni jina lingine. Kila mtu aligeuza kitu mara tatu kabla ya kukinunua. Mimi niligeuza mara sita, nikaenda nacho nyumbani nikakigeuza tena.

Kwaya ya kigango chetu ilinichagua kuwa katibu, kwa kuwa tu nilikuwa nimesoma. Tulikuwa tunarekodi kanda yetu ya kwanza kwa mashine kubwa ya zamani, ile yenye tundu la pini nene, na hedifoni moja nzuri ambayo wanakwaya waliinunua kwa kuuza mahindi yao. Siku mbili tu baada ya kuanza, hedifoni ikaanza kukatakata sauti. Ukiukunja waya karibu na pini, sauti inarudi. Ukiuachia, inapotea.

Nikaipeleka kwa Mzee Athumani, fundi redio kutoka Tunduru, aliyekuwa na meza yake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Watu walimsifu sana. Sifa zenyewe zikanitia shaka: mbona hakuna hata mmoja anayemlalamikia?

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo." Msomi yeyote kwake alikuwa mwalimu.

"Sikai. Nataka kuona."

Akacheka. "Ona, mwanangu. Kuona hakulipiwi."

Akavaa hedifoni, akawa anaukunja waya kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini mpaka akapata mahali panapokata. Akakata kipande chote kibovu pamoja na pini yake. Kisha akawasha kiberiti akaunguza ncha za nyaya. Nikashika kichwa. Anachoma mali ya kwaya!

"Nyaya hizi zimepakwa rangi," akasema bila kuinua macho. "Risasi ya kulehemu haishiki juu ya rangi."

Nikajiambia, tapeli huwa ana jibu la kila kitu. Akalehemu pini ndogo, maana nene hakuwa nayo, na alipokuwa anafunga alinieleza adapta ya kununua ili iingie kwenye mashine yetu. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeikazia macho mikono yake, nisije nikapepesa naye akabadilisha spika.

Sokoni nikakuta adapta mbili. Moja nyeusi, imechubuka. Nyingine inang'aa kama pete ya harusi. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kuolewa nayo. Nikachukua ya kung'aa. Nilipoichomeka kwenye mashine, sikio la kushoto likaimba. La kulia, kimya kabisa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Komba, mwenyekiti wa kwaya. "Ametubadilishia spika."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, baba. Hapo ndipo utajua ni mjanja."

Usicheke, mwanangu. Niliyasema hayo nikiwa na digrii. Mzee Komba akaniagiza niandike tangazo la kuwatahadharisha waumini, lisomwe Jumapili baada ya misa. Nililiandika vizuri sana. Na kabla halijasomwa, maneno yalishavuja: mama mmoja wa sauti ya pili alikuwa ameshakwenda kuichukua redio yake kwenye meza ya fundi, na jirani yake akamfuata.

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Kama ni mwizi, mbona alifanya kazi kibarazani mbele ya watu? Au alifanya mbele ya watu makusudi, ili nijiulize hivyo? Ijumaa nikarudi kwake, wala si kwa wema. Nilikwenda kutafuta ushahidi.

Mzee Athumani hakuuliza mengi. Akaitoa adapta, akachomeka ile pini ndogo kwenye redio yake, akanivisha hedifoni. Masikio yote mawili yakasikia. Kisha akaigeuza adapta yangu juani.

"Hii nani kaichagua?"

"Mimi."

"Nilikwambia uchukue yenye mistari miwili myeusi kwenye pini. Hii ina mmoja. Ni ya maikrofoni, inapitisha upande mmoja tu."

"Hukuniambia."

Mteja mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akingoja redio yake, akadakia: "Kakwambia, binti. Mara mbili. Siku ile nilikuwa hapahapa, nikasema huyu mtoto ana nini?"

Fundi akanirudishia hedifoni. "Juma hili watu wa kwenu wananichukulia redio hata hazijapona," akasema. "Wallahi sijui nimewakosea nini."

Nikaipokea, nikaaga. Nikapita sokoni nikanunua ile adapta nyeusi iliyochubuka. Nilihesabu mistari: miwili. Nyumbani masikio yote yakaimba.

Ningeweza kulichana tangazo nikanyamaza. Nililiwaza hilo njia nzima. Hakuna ambaye angejua; ningesema tu hedifoni imepona. Lakini zile redio mbili zilikuwa zimeshaondoka mezani, na maneno yangu yalikuwa yanazunguka Ruhuwiko bila mimi.

Jumamosi mazoezini nikasimama mbele ya kwaya. "Mzee Athumani hakuiba kitu. Nilinunua adapta isiyofaa kwa sababu sikumsikiliza, kisha nikampakazia."

Mwimbaji mmoja wa besi aliyekaa nyuma akasema, "Digrii hiyo, dada!" Wakaangua kicheko. Mzee Komba hakucheka.

"Na tangazo?" akauliza.

"Litasomwa, baba. Nimeandika jingine. Nitalisoma mwenyewe."

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kushuku si kosa. Vitu vya miaka ile vilistahili kushukiwa, na vya leo pia. Ila kishuku kwanza kitu ulichokinunua wewe kabla hujamshuku mtu. Chombo kikigoma, punguza vya kati: toa adapta, jaribu mahali pengine, ndipo useme. Ukiwa na shaka na mtu, mwendee yeye kabla ya mwenyekiti. Na ukishamchafua mbele ya watu, usiende kumwomba radhi kichochoroni. Msafishe mbele ya watu walewale.

Jumapili ile, baada ya misa, nilisimama nikasoma. Nilitaja jina la fundi na jina langu, na kosa nikaliweka kwenye langu. Nikalisoma mpaka mstari wa mwisho. Mungu akujalie, mwanangu, uweze kusema "nimekosea" ungali kijana, na akupe watu wa kukupokea ukishasema.