Gunzi Nililochomeka Kwenye Gari la Baba

Nimemkosea baba yangu mzazi. Msinitafutie sababu, maana sina.

Baba ana gari la zamani, alilinunua kabla sijazaliwa. Huku kwetu Myamba wanalijua hata kwa mlio. Kila asubuhi alikuwa anachomoa kijiti, anapima oili, anakifuta kwa kitambaa kilekile. Hakuruka hata siku moja!

Injini ilishachoka. Kile kibomba cha kutolea pumzi ya injini kilikuwa kinatema moshi wa oili, na moshi unaingia ndani. Sasa mdogo wangu wa kike anaolewa Same mjini, na baba kaapa atamshusha mwenyewe. Mimi nikaona aibu. Gauni jeupe linuke oili? Fundi wa kujipachika mimi! Asubuhi ya harusi, baba alipokwisha kupima oili, nikachukua gunzi la mahindi, nikakiziba kile kibomba kama tunavyoziba dumu la pombe, nikakaza kwa mpira wa tyubu.

Harufu ikakata. Nikajiona mjanja kweli.

Kumbe pumzi ikikosa pa kutokea inajitafutia njia! Kwenye kilima cha kwanza ikafumua sili inayozuia oili, oili yote ikamwagika njiani nyuma yetu bila sisi kuiona, na mbele kidogo injini ikanoki, ikazima kabisa. Bibi harusi akamaliziwa safari na pikapu ya tangawizi, analia.

Kabla hajapanda pikapu, baba akiwa bado anambembeleza, nikafungua boneti haraka, nikachomoa gunzi, nikalitupa korongoni. Akaja, akavuta kijiti. Kikavu!

"Hivi asubuhi nilipima kweli?" akaniuliza.

Jamani, mdomo huu! Nikamjibu, "Labda ulisahau, baba. Umri nao."

Tangu siku ile baba ameisha. Ufunguo wa gari alinikabidhi mwenyewe. Kusoma neno kanisani ameacha, anasema atapotea katikati. Hata mbuzi akishawahesabu anamwita mama arudie, hajiamini tena.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, gunzi na korongo. Akanishika kichwa.

"Ahsante, mwanangu. Najua unanionea huruma. Lakini mimi najijua, nilisahau."

Nikaapa! Nikalia! Akaniambia ninyamaze, nisimtaje Mungu kwenye uongo.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu cha mzazi wako, sema palepale, gunzi likiwa bado mkononi. Langu limeshaozea korongoni, na sina kingine cha kumwonyesha.