Akaunti ya maili za ndege ilivyomchelewesha mama yangu kumuona dada yake

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bagamoyo, na chumvi sijaongeza. Kuna mwenzetu humu aliuliza kama akaunti za benki zinazotoa maili za ndege zina faida. Badala ya kumjibu mstari mmoja, acha niwape mkasa mzima.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, naishi na mama yangu mzazi. Dada yake, Mama Mkubwa Zuhura, aliolewa Mwanza na huko ndiko aliko mpaka leo. Mara ya mwisho wameonana ni kwenye msiba wa babu. Mimi nilikuwa sijaoa. Sasa hivi mwanangu wa kwanza yuko sekondari.

Mama magoti yanamsumbua, basi la safari ndefu haliwezi. Nikamuahidi ndege. Na nauli nilikuwa nayo, kamili.

Hapo ndipo akapita dada mmoja wa benki dukani. Mpole, maneno ya asali. Akanieleza: unafungua akaunti, unaacha salio fulani lisiguswe, kila ukilipa kwa kadi unapata maili, zikijaa unapata tiketi bure.

Wakuu, hilo neno "bure" lina uchawi wake. Nauli ya mama nikaigeuza kuwa ndilo salio lisiloguswa.

Nikamwambia mama asubiri kidogo, maili zijae.

"Zinajaa wapi?"

"Benki, mama."

Akaenda kumpigia simu dada yake.

Kumbe maili zinaingia ukichanja kadi kwenye mashine. Ukilipa kwa simu, hupati kitu. Na kwa shughuli zangu mimi, nani ana mashine? Samaki taslimu, mkaa taslimu, fundi taslimu. Siku moja nilimtolea kadi jamaa anayeniuzia kokoto kule Lugoba. Akaigeuza pande zote mbili, akaniuliza, "Hii ya bima?"

Nikairudisha mfukoni.

Ikafika mahali naenda Dar kununua hata sabuni, ili tu nichanje. Mafuta ya gari msiniulize.

Kila Ijumaa nikitoka msikitini mama ananiuliza, "Maili zimefika wapi?" Kumueleza yale masharti nilishindwa, nikawa namjibu kwa vituo vya njia ya kwenda Mwanza. "Tupo Morogoro, mama." Miezi ikapita, "Tunaingia Dodoma." Naye anampigia dada yake: "Hamisi wangu yuko Dodoma, vumilia."

Siku moja nafungua app ya benki, maili zimepungua! Kumbe zina muda wa kuisha, zile za mwanzo zimeshakufa. Ijumaa ikafika.

"Tumerudi Morogoro, mama."

"Gari imeharibika?"

Nilidhani ananitania. Kisha nikamuona anafuta macho kwa pindo la khanga, anasema ni moshi. Na hatukuwa jikoni.

Siku ile ile ningeifunga akaunti. Sikuifunga. Nilijiambia miezi miwili tu, zitafika. Ubishi, wakuu.

Jumanne moja asubuhi niko dukani, simu inaita. Mama Mkubwa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nimeshuka kwenye basi, niko Chalinze. Gari za kwenu zinapandiwa wapi?"

Nikamwambia asitoke hapo alipo. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai, viatu kavua, miguu imevimba, pembeni ana ndoo ya dagaa. Na yeye ndiye mkubwa kwa mama. Nikaanza kuomba radhi, akanikatisha:

"Nimechoka kungoja maili, mwanangu. Nimekuja kwa kilomita."

Mpaka tunapita Msata alikuwa akicheka. Mimi macho barabarani.

Nyumbani mama yuko uani anapepeta mchele. Alipoinua kichwa, ungo ukamtoka mkononi. Alimshika dada yake uso kwa mikono miwili, akamtazama weee, kisha akasema, "Umekonda, dada." Wakakaa papo hapo juu ya mchele, mara wanalia, mara wanacheka. Nikarudi kwenye gari kuchukua ndoo, nikabaki humo kidogo.

Alikaa nasi mwezi na nusu. Akaunti niliifunga, lile salio nikalikatia tiketi mbili za kwenda Mwanza, ili mama amsindikize dada yake na kukaa kwake. Nilipomkabidhi, mama akauliza:

"Hizi ndizo za maili?"

"Hapana mama, ni za pesa."

"Ndiyo maana zimekuja upesi."

Sasa jibu langu kwa aliyeuliza. Kama kazi yako inakupandisha ndege kila mara, na manunuzi yako mengi ni ya kadi, fungua, itakufaa. Kama wewe ni mtu wa taslimu kama mimi, soma kwanza maili zinadumu muda gani na makato ya mwezi ni kiasi gani. Na kama kuna mtu anakungoja na nauli unayo, kata tiketi leo. Sikuiba, sikumdhulumu mtu, ila nilimnyima mama muda wa kukaa na dada yake kwa sababu ya kitu cha bure.

Mliowahi kupanda ndege kwa maili kweli kweli, mtueleze mlifanyaje, nami nijifunze. Na wanaotaka kunicheka wapange foleni, Mama Mkubwa bado hajamaliza zamu yake.