Picha ya Baba Mdogo na Jani la Isale

Naikumbuka vizuri siku moja kule kwetu Kilema, mwanangu, na hunijia kila nikikuona unatuma picha kabla hata hujaitazama. Ilikuwa komunyo ya kwanza ya binti wa kaka yangu Aloyce. Aloyce alikuwa mpiga picha, ana studio yake Majengo, na mwaka ule alikuwa amepata kamera ya dijitali ambayo ukibonyeza tu, picha inapita hewani yenyewe hadi kwenye kompyuta, bila waya. Siku hizi mnacheka. Sisi tulidhani kaka ameanza uganga! Kompyuta aliiweka barazani, wageni wakaizunguka na mbege zao, pombe yetu ya ndizi, mkononi, wakishangilia kila sura iliyotokea.

Sasa, baba yangu na mdogo wake, Baba Mdogo Kalisti, walikuwa hawasemezani tangu tumzike bibi. Ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, basi. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi watoto tulikuwa tumelima mpaka tumechoka. Mchana ule Baba Mdogo akaingia kwa mlango wa nyuma, akaenda moja kwa moja chumbani kwa baba, ameshika jani la isale. Unajua kwetu: anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Akapiga magoti, mzee mzima, machozi yanamtoka.

Aloyce alikuwa mlangoni. Akapiga picha. Simlaumu sana, mkono wa mpiga picha haujui kutulia. Zamani picha ile ingelala ndani ya kamera hadi filamu isafishwe mjini, na angeweza kuichoma moto. Alisahau kwamba kamera yake mpya haina subira. Mimi nilikuwa barazani, nikamwona Baba Mdogo akitokea kwenye kioo cha kompyuta na jani lake na machozi yake.

"Jamani, oneni!" mlevi mmoja akapayuka. "Kalisti analia kama mtoto!"

Watu wakacheka, na chumbani wakasikia. Baba Mdogo akainuka, akatoka akapita katikati yetu, jani bado liko mkononi mwake, maana baba alikuwa hajalipokea. Nikajua akishafika barabarani, hawa wawili watakutana tena kwenye mazishi. Nililia, sifichi.

Baba akamfuata. Baba yangu alikuwa mtu wa heshima zake, hata wanawe hatukuwahi kuliona chozi lake. Akamshika mdogo wake mkono mbele ya wageni wote, akalichukua lile jani, naye akapiga magoti palepale uani.

"Aloyce," akasema, "piga na hii. Mimi ndiye niliyemliza."

Kaka akapiga. Kwenye kompyuta wakatokea wazee wawili wameshikana, wote wanalia. Hakuna aliyecheka.

Basi, mwanangu, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ukimwona mtu katika unyonge wake, muulize kwanza mwenye sura ndipo utume. Na kama imeshatoka, kwa maana hewa haina kufuli, usikae pembeni kuwalaumu wanaocheka. Nenda ukaone haya pamoja na ndugu yako. Mungu akujalie watu wa kukufanyia hivyo, na wewe akujalie magoti mepesi.